Aya ya Taiwan: Kiporo Walichokiacha Nixon na Mao

Aprili 1971, mjini Nagoya, Japani, mchezaji wa mpira wa meza wa Marekani, Glenn Cowan, alipanda basi la timu ya China. Ndani kukawa kimya. Hatimaye bingwa wa China, Zhuang Zedong, akainuka, akamsalimu kupitia mkalimani na kumpa kitambaa cha hariri chenye picha ya milima ya Huangshan. Waliposhuka, wapiga picha wakawawahi. Siku chache baadaye timu nzima ya Marekani ilikuwa China, imealikwa rasmi, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Wakomunisti washike dola mwaka 1949.

Watu husimulia kisa hiki kana kwamba mpira ndio ulioleta mapatano. Ulifungua mlango tu. Machi 1969 wanajeshi wa China na wa Umoja wa Kisovieti walikuwa wameuana katika kisiwa cha Zhenbao, kwenye mto Ussuri. Kiongozi wa China, Mao Zedong, alihofia kaskazini yake. Rais wa Marekani, Richard Nixon, alitaka kutoka Vietnam na kuibana Moscow. Wote wawili walikuwa na adui mmoja. Ndiyo maana Julai 1971 mshauri wa Nixon, Henry Kissinger, akiwa ziarani Pakistan, alisingizia kuumwa tumbo, watu wakaambiwa amepelekwa milimani kupumzika, kumbe yuko Beijing anazungumza na Waziri Mkuu Zhou Enlai.

Hapo Tanzania nayo inaingia. Tarehe 25 Oktoba 1971, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliirudishia Beijing kiti kilichokuwa kikikaliwa na serikali ya Taiwan: kura 76 za ndiyo, 35 za hapana, 17 hazikuegemea upande wowote. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizodhamini azimio hilo, na ujumbe wake, chini ya balozi kijana Salim Ahmed Salim, ulishangilia waziwazi ukumbini. Balozi wa Marekani aliyeshindwa siku ile alikuwa George Bush, baba. Miaka kumi baadaye, Salim alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Bush alikuwa Makamu wa Rais. China ikamzuia katibu mkuu aliyekuwapo, Kurt Waldheim, kwa kura ya turufu, Marekani ikamzuia Salim, duru baada ya duru, mpaka wote wawili wakakaa pembeni na kiti kikamwendea Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Wakati huo Washington na Beijing walikwishabadilishana mabalozi, na bado walipingana. Urafiki wao, tangu mwanzo, ulikuwa wa shughuli maalumu.

Shughuli hiyo iliandikwa katika tamko la pamoja lililotolewa Shanghai mwishoni mwa Februari 1972, mwisho wa ziara ya Nixon nchini China. Kila upande uliweka misimamo yake, hata inayopingana. Penye Taiwan, Marekani ilisema inatambua kwamba Wachina wa pande zote mbili za mlango-bahari wa Taiwan wanashikilia kuwa China ni moja na Taiwan ni sehemu yake, na kwamba haipingi msimamo huo. Kutopinga si kukubali. Kila mmoja akaenda nyumbani akiisoma aya ile apendavyo. Kwa maoni yangu ilikuwa kazi ya ufundi mkubwa, lakini ilikuwa pia deni lililoachiwa watoto.

Mwaka 1979 Rais Jimmy Carter alihamishia ubalozi wa Marekani Beijing. Miezi michache baadaye Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuendelea kuiuzia Taiwan silaha za kujilinda. Mwaka 1982 Rais Ronald Reagan aliiahidi China kuzipunguza hatua kwa hatua, bila kutaja tarehe. Silaha zinauzwa mpaka leo.

Adui wa pamoja alisambaratika mwaka 1991. Biashara ikachukua nafasi yake, hasa China ilipoingia Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, nayo tangu 2018 imegeuka uwanja wa vita. Mwaka 2025 ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China ulifika asilimia 145 na China ikajibu kwa 125, kabla ya kushushwa kwa makubaliano ya Geneva mwezi Mei. Oktoba Donald Trump na Xi Jinping wakakutana Busan, Korea Kusini, wakapunguza tena.

Ushuru hupandishwa na kushushwa kwa saini moja. Taiwan sivyo. Agosti 2022, baada ya Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, Nancy Pelosi, kutua Taipei, China ilirusha makombora kuzunguka kisiwa. Zaidi ya hapo, kisiwa hicho ndicho kinachotengeneza sehemu kubwa ya chipu za hali ya juu duniani, bidhaa ambayo Marekani iliiwekea China vizuizi vikali Oktoba mwaka huohuo.

Kwa hiyo, msomaji, viongozi wa Marekani na China wakikutana tena, usiishie kwenye asilimia za ushuru na idadi ya ndege zilizonunuliwa. Tafuta walichosema kuhusu Taiwan, na uangalie kama Marekani bado inatumia maneno ya 1972.