Ushahidi wa Ngozi katika Historia ya Ugonjwa wa Lyme

Historia ya ugonjwa wa Lyme husimuliwa kana kwamba ilianza mwaka 1975 katika miji midogo yenye misitu ya Connecticut, Marekani, pale akina mama wawili walipokataa kuamini kwamba watoto wengi wa eneo moja wangeugua yabisi ya viungo kwa sadfa tu. Simulizi hiyo ni ya kweli, ila inaanzia katikati. Kwa zaidi ya miaka tisini kabla ya hapo, madaktari wa ngozi wa Ulaya walikuwa wakiuona ugonjwa huohuo kwenye mikono, miguu na masikio ya wagonjwa wao, na wakauandika kwa makini bila kujua kwamba wanaandika habari za ugonjwa mmoja. Nashikilia kwamba rekodi yao ndiyo ushahidi bora tulio nao kuhusu swali linaloulizwa sana siku hizi: je, maambukizi haya yakikaa mwilini kwa miaka, yanaweza kubadili sura ya mtu? Jibu la rekodi hiyo ni ndiyo. Lakini mabadiliko inayoyataja ni machache, yanajulikana yalipo, na hayafanani na mengi yanayodaiwa leo.

Mwaka 1883, katika mji wa Breslau uliokuwa wa Ujerumani na sasa ni Wrocław wa Poland, daktari Alfred Buchwald alimweleza mwanamume ambaye ngozi yake ilikuwa ikikonda kwa muda wa miaka 16. Miaka kumi na tisa baadaye, mwaka 1902, Karl Herxheimer na Kuno Hartmann walikusanya wagonjwa wa namna hiyo na kuupa ugonjwa jina refu la Kilatini ambalo madaktari wanalitumia hadi leo, akrodamatitisi kronika atrofikansi. Maelezo yao hayajapitwa na wakati. Mwanzoni hutokea wekundu unaoelekea ubluu, pamoja na uvimbe, nyuma ya mkono, juu ya unyayo, kwenye goti au kiwiko, mara nyingi upande mmoja tu wa mwili. Hauumi sana, kwa hiyo mtu huuvumilia, akidhani ni baridi au uzee. Miaka ikipita uvimbe hunywea na ngozi hukonda hadi kuwa kama karatasi ya sigara: inakunjamana, malaika hunyonyoka, mishipa ya damu huonekana wazi chini yake. Wengine huota vinundu vigumu karibu na viungo, au hupungukiwa na hisia katika mkono au mguu uleule. Wanaopatwa zaidi ni watu waliovuka umri wa miaka arobaini, wanawake wakiwazidi wanaume. Ngozi ikishafikia hatua hiyo ya kukonda, tiba huzuia madhara yasiendelee, lakini haiirudishi ilivyokuwa.

Vipande vingine vya habari vilipatikana kwingine. Arvid Afzelius alilieleza mwaka 1909, mbele ya madaktari wenzake wa ngozi huko Stockholm, Sweden, baka jekundu lililokuwa likitanuka kama duara baada ya mtu kuumwa na kupe. Benjamin Lipschütz wa Vienna alieleza baka kama hilo mwaka 1913. Katika ndewe ya sikio, hasa kwa watoto, na kwenye chuchu kwa watu wazima, kilionekana kinundu laini chenye rangi ya zambarau ambacho Bo Bäfverstedt alikichunguza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1943. Madaktari wa mishipa ya fahamu nao walikuwa na vyao: Wafaransa Garin na Bujadoux mwaka 1922 walimweleza mtu aliyepooza baada ya kuumwa na kupe, na Alfred Bannwarth wa Ujerumani mwaka 1941 aliandika kuhusu maumivu makali ya neva yanayoambatana na kupooza kwa uso. Kila fani ilishika kiungo chake na kukaa nacho.

Mtu anaweza kupinga kwamba hayo yalikuwa maelezo ya rangi na uvimbe tu, na kwamba bila kukijua kisababishi, daktari hajaujua ugonjwa. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linawapunja madaktari hao. Kupe walikuwa wamemtaja. Penisilini ilipopatikana, madaktari wa Sweden waliijaribu: Nils Thyresson aliandika mwaka 1949 jinsi inavyoitibu ngozi inayokonda, na Einar Hollström akafuata mwaka 1951 kwa baka linalotanuka. Haikuwa bahati nasibu. Kliniki za ngozi za Ulaya zilikuwa pia kliniki za kaswende, na waliokuwa wakiziongoza walizoea kuona ugonjwa mmoja ukijitokeza leo kama kidonda, kesho kama vipele, na miaka kumi baadaye kama kichaa. Mwaka 1955 Wajerumani Binder, Doepfmer na Hornstein walihamisha vipande vya ngozi yenye baka hadi kwa watu waliojitolea, na baka likatokea. Waliojua kwamba kitu kinaambukiza, kwamba kinaletwa na kupe na kwamba penisilini inakishinda hawakuwa mbali na ukweli. Walichokosa ni mtu wa kuunganisha ngozi, neva na viungo.

Marekani nako waliotangulia walikuwa watu wa ngozi. Rudolph Scrimenti alilitambua baka hilo huko Wisconsin na kuliandika mwaka 1970, na mwaka 1976 William Mast na William Burrows waliripoti wagonjwa kutoka kusini-mashariki mwa Connecticut, si mbali na mji wa Lyme. Allen Steere na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, waliotumwa kuchunguza yabisi ya watoto, walikuwa na wagonjwa 51. Takriban robo yao walikumbuka kuwa na baka kabla ya viungo kuvimba. Baka hilo, lililokuwa limesomwa huko Ulaya, ndilo lililowapeleka kwa kupe. Kisha mwaka 1982 Willy Burgdorfer akatangaza kwamba amekiona kijidudu chenyewe ndani ya kupe wa Shelter Island, New York. Hapa kuna kiungo na Afrika ambacho hakitajwi sana. Burgdorfer alikuwa Mswisi, na shahada yake ya udaktari huko Basel aliipata kwa kuchunguza papasi na kijidudu cha homa ya papasi, chini ya Rudolf Geigy, yuleyule aliyeanzisha maabara ya Ifakara katika miaka ya 1950. Homa ya papasi na ugonjwa wa Lyme husababishwa na vijidudu vya jamii moja, vyembamba na vilivyojipinda kama parafujo. Tofauti ni kwamba cha papasi hujaa katika damu wakati wa homa na huonekana kwa hadubini, ilhali cha Lyme hakikai sana katika damu, hupenda ngozi. Ndiyo maana cha kwanza kiligunduliwa mapema, mwaka 1904 na 1905 huko Uganda na Kongo, na cha pili kikangoja.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Ngozi inayokonda karibu haionekani Marekani, kwa sababu aina ya kijidudu inayoisababisha kwa kawaida, Borrelia afzelii, ni ya Ulaya na Asia. Je, rekodi ya Breslau na Stockholm inamhusu nini mgonjwa wa New York? Nakubali kwamba haimtabirii ngozi ya namna hiyo. Lakini inaonyesha kipimo cha ushahidi. Mwaka 1984 Eva Åsbrink na wenzake wa Sweden walikiotesha kijidudu kutoka katika ngozi iliyokonda, na kimepatikana hata pale ambapo ugonjwa ulikuwa na zaidi ya miaka kumi. Huo ni usugu uliothibitika: badiliko linaloonekana kwa macho, kijidudu ndani yake, na dawa inayokitoa. Madai ya sasa kwamba Lyme sugu humpa mtu uso uliofifia, macho yaliyobonyea au sura iliyozeeka hayana hata kimoja kati ya vitatu hivyo. Kinachojulikana kuhusu uso ni kupooza upande mmoja, au pande zote mbili kwa baadhi, na kwa wengi hupona. Kusema hivyo si kukana mateso. Wapo waliotibiwa wakabaki na uchovu na maumivu kwa miezi, na mtu asiyelala vizuri huonekana hivyo usoni. Ila majaribio ya kuwapa viuavijasumu kwa muda mrefu, likiwemo la Mark Klempner la mwaka 2001, kwa jumla hayakuonyesha faida ya kudumu iliyozidi ya dawa bandia.

Rekodi hii hata hivyo ina doa lake, na linaanzia palepale penye nguvu yake. Ngozi zilizoelezwa na kuchorwa Breslau, Vienna na Stockholm zilikuwa za Wazungu. Wekundu unaoonekana waziwazi juu ya ngozi nyeupe unaweza kuwa kahawia, zambarau au kivuli tu juu ya ngozi nyeusi, na picha za vitabu vya tiba zilirithi mtazamo ule wa kwanza. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba miongoni mwa Wamarekani weusi wanaogundulika kuwa na Lyme, sehemu kubwa zaidi kuliko ya wazungu hufika kwa daktari viungo vikiwa vimeshavimba, na sehemu ndogo zaidi huandikwa kuwa na baka. Watafiti wengi wanahisi kwamba baka lilikuwepo, likapitwa. Kwa Waswahili wengi walioko Ulaya na Amerika Kaskazini, wanaotembea katika misitu yenye kupe, daktari anayeangalia wekundu peke yake hatoshi. Aguse ngozi kuona kama ina joto au imeinuka, aufuatishe mpaka wa duara, na aulize lini lilianza na limetanuka kiasi gani, maswali ambayo Afzelius angeyatambua.