Mlango wa Bweni: Habari za Ulinzi wa Watoto wa Shule katika Nyeri



Taarifa ya mwaka ya chama huwa na hesabu ya fedha, majina ya wagonjwa na wafiwa waliosaidiwa, na kazi zilizotimizwa. Mwaka huu Halmashauri imeona vema kuongeza sura moja ya historia. Jambo tulilolichagua lagusa kila nyumba hapa Karatina na katika Mathira nzima: jinsi watoto wetu walivyolindwa shuleni tangu zamani, na mahali ulinzi huo ulipopunguka. Twaomba isomwe kwa utulivu, maana ndani yake mna misiba ambayo bado ni mibichi.

Siku za kwenda kwa miguu

Shule za kwanza upande huu zilianzishwa na wamisheni. Misheni ya Kanisa la Skotlandi ilipiga kambi Tumutumu, si mbali na Karatina, karibu na mwaka 1908, na kutoka hapo shule ndogo ndogo zikaenea katika vilima na mabonde. Baada ya mafarakano ya mwaka 1929 juu ya mila, wazee wengi wa Kikuyu walijenga shule zao wenyewe kwa michango na kwa kazi ya mikono. Shule hizo za kujitegemea zilifungwa na serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952.

Siku hizo hatari kubwa ya mtoto ilikuwa njiani. Chumba cha shule kilikuwa cha udongo na nyasi, watoto wachache, na jioni kila mmoja alirudi kwao. Lakini kati ya nyumbani na shule palikuwa na mito itokayo Kirinyaga, kama vile Ragati na Sagana. Mito hii ina tabia inayojulikana kwa kila mwenyeji: mvua hunyesha juu mlimani, huku chini jua linawaka, na maji hufika ghafula yakiwa mekundu na yenye nguvu. Tena kuna udongo wetu, ambao ukilowa huteleza kama sabuni, na baridi na ukungu wa Julai, ambao humficha mtu asionekane hatua chache mbele.

Ulinzi wa wakati huo haukuandikwa katika kitabu. Mkubwa alimshika mdogo mkono. Mawingu yakitanda juu ya mlima, mwalimu mwenye busara aliwaruhusu watoto mapema. Mwenye shamba karibu na kivuko alijua ni watoto wa nani waliopita asubuhi, na jioni aliwatazamia. Kwa maneno mengine, kila mtoto alikuwa na mtu aliyejua yuko wapi.

Mvua haikuacha kutujaribu. Twaikumbuka mvua kubwa ya mwaka 1961, na ile ya El Nino ya 1997 hadi 1998, iliyovunja barabara na madaraja katika Kenya nzima. Mwaka 2024 masika yalikuwa makali hata serikali ikaahirisha kufunguliwa kwa muhula wa pili, kutoka 29 Aprili hadi 13 Mei. Radi nayo si ya kudharauliwa. Mwezi wa Juni 2011, katika shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, radi moja iliwaua watoto 18 wakiwa darasani. Fimbo ya chuma juu ya paa, na waya mnene unaoshuka hadi ndani ya ardhi, huipa radi njia ya kupita nje ya jengo. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na kaburi moja.

Jinsi bweni lilivyokuja

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 shule ziliongezeka kwa nguvu ya Harambee, na mabweni yakaongezeka pamoja nazo. Sababu zake zilikuwa njema. Mtoto akilala shuleni, mto hautamchukua, giza halitamkuta njiani, naye atapata saa za kusoma jioni. Wazazi tuliuza kahawa na chai, tukalipa karo, tukalala usingizi tukiamini kwamba hatari ya njia imekwisha.

Kumbe tulikuwa tumeihamisha. Watoto waliokuwa wametawanyika katika nyumba mia sasa walilala chini ya paa moja. Kwa kuogopa wezi, madirisha yalitiwa vyuma. Kwa kuogopa utoro, milango ilitiwa kufuli upande wa nje. Kila chuma na kila kufuli liliwekwa kwa nia ya kulinda. Lakini mlango uliofungwa haubagui: humzuia mwizi asiingie, na humzuia mtoto asitoke.

Historia ya misiba yetu yaonyesha hivyo waziwazi. Julai 1991, katika shule ya St. Kizito huko Meru, wasichana 19 walikufa usiku wavulana wa shule hiyo walipowavamia bwenini. Wengi walisongamana wakakosa pumzi. Machi 1998, wasichana zaidi ya ishirini waliteketea Bombolulu, Kwale, na Mei 1999 wanafunzi wanne waliokuwa viongozi wa wenzao waliuawa kwa moto chumbani mwao katika shule ya sekondari ya Nyeri, mjini mwetu wenyewe. Kisha Machi 2001 moto wa Kyanguli, Machakos, uliwaua wavulana 67. Bweni la Kyanguli lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma.

Asili ya moto si moja. Pengine ni mkono wa mwanafunzi mwenye hasira, pengine ni nyaya mbovu. Lakini moto ukishawaka, idadi ya watakaokufa huamuliwa na mlango.

Kanuni zilizoandikwa

Baada ya Kyanguli serikali ilitoa maagizo, na mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikachapisha kitabu cha kanuni za usalama wa shule. Yafaa kila mzee ayajue machache yaliyomo. Mlango wa bweni uwe na upana usiopungua futi 5, nao ufunguke kwa nje. Usifungwe kamwe kwa nje watoto wakiwa ndani. Bweni liwe na mlango kila mwisho, na mwingine wa dharura katikati. Madirisha yasiwe na vyuma. Kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2, na njia ya kupitia iwe na mita 2. Mitungi ya kuzimia moto iwekwe penye kila mlango wa kutokea.

Kanuni hizi ni nzuri, na asiyejua kusoma aweza kuzipima kwa kamba na kwa macho. Lakini wanafunzi waliongezeka upesi kuliko majengo, hasa tangu mwaka 2018, serikali ilipoagiza kila mtoto amalizaye shule ya msingi aingie sekondari. Pale palipopimwa vitanda kumi pakatiwa ishirini, na nafasi ya mita 1.2 ikapotea.

Usiku wa Endarasha

Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 moto uliwaka katika bweni la wavulana la Hillside Endarasha Academy, huko Kieni, katika kaunti yetu ya Nyeri. Mlikuwa na watoto zaidi ya 150, nalo lilijengwa kwa mbao, kwa hiyo moto ulienea upesi. Wavulana 21 walikufa. Taifa zima likaomboleza siku tatu.

Mambo mawili ya usiku ule yatupasa kuyashika. La kwanza, mvua ilikuwa imeifanya njia kuwa tope, na waliokwenda kuokoa walicheleweshwa. Hatari ya kale ya njia na hatari mpya ya bweni zilikutana mahali pamoja. La pili, kulipokucha watoto kama 70 hawakujulikana walipo. Wengi wao walikuwa wamechukuliwa na wazazi au kuhifadhiwa na majirani wema, lakini hapakuwa na hesabu yao, na wazazi wakakaa katika uchungu usio na jibu. Yule mwenye shamba wa zamani, aliyejua watoto wa nani wamepita, hakuwa na mrithi.

Mwishoni mwa mwaka huo Wizara iliagiza shule za msingi 348 zifunge mabweni yao kwa kutotimiza kanuni. Wako wazazi waliolalamika, kwa kuwa walio mbali hawakuwa na shule ya kutwa karibu. Malalamiko yao yana haki. Ukifunga bweni, mtoto hurudi njiani. Basi njia nayo yatakiwa kutengenezwa, ama sivyo tutakuwa tumeihamisha hatari mara ya pili.

Yatupasayo

Wakaguzi wa serikali ni wachache na shule ni nyingi. Chama chetu kina wanachama katika kila kata. Kwa hiyo Halmashauri yaleta mbele ya mkutano mkuu maombi haya. Kila tawi liteue wazee wawili na mama wawili, ambao kwa ruhusa ya mwalimu mkuu watazuru bweni usiku, wakati watoto wamelala, mara moja kila muhula. Wapime mlango, waulize ufunguo uko kwa nani, watazame madirisha. Wahakikishe kwamba daftari la majina halilali ndani ya bweni, ili likutwe zima siku ya msiba. Kabla ya masika na kabla ya vuli, tawi litazame daraja na mfereji wa njia iendayo shule, na pale panapovunjika litoe mikono kabla ya kungojea bajeti.

Tena twawasihi wazazi: siku ya kulipa karo, baada ya kuuliza habari za mtihani, mwombe kuonyeshwa mahali mtoto wenu anapolala. Hakuna mwalimu mwema atakayekasirika. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari, nasi tumekwisha kuzika watoto wa kutosha kuujua ukweli wa neno hilo.

Sisi watumishi wenu,
Halmashauri ya Chama, Karatina