Sanduku, Posta na Mkonga: Maktaba za Vyuo Vikuu Zilivyomfuata Msomaji Aliko

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilianzishwa Morogoro mwaka 1984, wakati mgumu mno kwa yeyote aliyetaka kujenga maktaba. Fedha za kigeni zilikuwa adimu. Nchi ilihangaikia mafuta na vipuri, na jarida la kisayansi kutoka Uingereza au Marekani lililipiwa kwa pauni na dola hizo hizo. Katika vyuo vikuu vingi vya Afrika miaka ile mfululizo wa majarida ulikatika: matoleo yanakuja, yanakuja, kisha hayaji tena. Mhadhiri aliyetafiti mihogo au magonjwa ya mifugo alibaki na habari zilizopitwa na wakati, au alimwandikia barua rafiki aliyeko ng'ambo amtumie nakala.

Mwaka 1991 sheria ya Bunge ikaiongezea maktaba ya chuo hicho mzigo: ikawa Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine. Kwa maneno mengine, bwana shamba wa Mbozi na mkulima wa Ukerewe nao walipewa haki juu ya rafu zake, sawa na wanafunzi wanaoishi chini ya milima ya Uluguru. Lakini wangefikiwaje?

Swali hilo lilikuwa la zamani kuliko chuo chenyewe. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948 na makao yake yakiwa Nairobi, ilisambaza masanduku ya vitabu na kuazimisha vitabu kwa njia ya posta. Kusini mwa bara, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, Unisa, kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946, na miongoni mwa waliosoma kwa njia hiyo walikuwa wafungwa wa kisiasa wa kisiwa cha Robben. Nelson Mandela ameeleza katika kitabu cha maisha yake jinsi ilivyokuwa. Mfungwa aliagiza kitabu cha sheria kutoka maktaba ya mbali, kikapita kwenye posta, kikapita mikononi mwa wakaguzi wa gereza, na wakati mwingine kilifika tarehe ya kukirudisha imeshapita. Askari walikirudisha kilikotoka bila hata kumwambia aliyekiagiza kwamba kilikuja. Maktaba ilikuwa imetimiza wajibu wake wote, na msomaji hakuona hata jalada.

Kisa hicho ni kipimo kizuri cha huduma yoyote ya mbali. Kutuma si kufikisha.

Jibu la ukame wa majarida lilitoka mahali ambapo wengi hawakupatarajia. Katika Maktaba ya Mann ya Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York, Wallace Olsen na wenzake walikuwa wamefanya kazi ya miaka ya kuchambua ni maandishi gani hasa ya kilimo ambayo watafiti wanayategemea. Kwa msaada wa Rockefeller Foundation, uchambuzi huo ukazaa maktaba iliyoweza kusafirishwa. Wachapishaji waliombwa ruhusa, kurasa zikapigwa picha moja moja, na mwaka 1999 mkusanyo ulioitwa TEEAL ukaanza kupelekwa kwenye nchi zenye kipato kidogo: zaidi ya majarida 100 ya kilimo katika CD, kwa sehemu ndogo tu ya bei ya kuyalipia yote kwa mwaka. Maktaba ya Sokoine ilikuwa miongoni mwa zilizoupokea.

Kuutumia kulihitaji subira. Msomaji aliketi mbele ya kompyuta, akaandika neno lake, labda "mtama" kwa Kiingereza au jina la Kilatini la mdudu, na orodha ya makala ikatokea. Akichagua moja, kompyuta ilimtajia namba ya CD. Mkutubi aliitafuta kwenye kasha, akaiweka kwenye mashine, na ukurasa ukafunguka kama ulivyochapwa, pamoja na majedwali na picha zake. Hakukuhitajika intaneti wala simu. Siku hizo vyuo vyetu vilitegemea setilaiti, na upakuaji wa makala moja ungeweza kumaliza subira ya mtu, kwa hiyo hilo halikuwa jambo dogo. Baadaye CD zote zikaingizwa kwenye diski kuu moja, na kompyuta nyingi za chuo zikaweza kusoma kwa pamoja.

Milango ya mtandaoni ikafuata. Januari 2002 Shirika la Afya Duniani lilizindua HINARI kwa majarida ya tiba, kwa ushirikiano na wachapishaji sita wakubwa. Mwaka uliofuata FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ikazindua AGORA kwa kilimo, na Cornell ikawa mshirika tena. Mkonga wa intaneti wa SEACOM, upitao chini ya bahari, ulipofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, kasi ikabadilika kabisa.

Hata hivyo, ukiniuliza ni kazi gani katika historia hii inayostahili heshima kubwa zaidi, nitakupeleka Kampala. Maktaba ya Tiba ya Albert Cook, katika Chuo Kikuu cha Makerere, nayo iliunganishwa na hazina za kidijitali. Ila wakutubi wake, akiwemo Maria Musoke ambaye baadaye akawa profesa, waliona kwamba mganga au muuguzi wa kituo cha afya kijijini hana kompyuta, na pengine hana umeme. Wakaanza mwaka 1997 kutoa jarida dogo la karatasi, Uganda Health Information Digest, lenye mihtasari ya tafiti zinazohusu magonjwa anayokutana nayo kila siku. Lilitumwa vituoni. Maktaba ilitumia teknolojia mpya kutafuta na karatasi ya zamani kufikisha, kwa sababu ilimjua msomaji wake na chumba anachofanyia kazi.

Kukosa kumjua msomaji kulitugharimu mwaka 2020. Novemba 2018 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimefungua maktaba mpya ya Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya watu 2,100 kwa wakati mmoja. Machi 18, 2020 vyuo vyote nchini vikafungwa kwa ajili ya korona, hadi Juni 1. Wanafunzi wakarudi makwao na simu zao na bando za kununua. Hapo ndipo wengi katika ukanda huu walipogundua kwamba majarida yaliyolipiwa na chuo hufunguka kwa urahisi ukiwa ndani ya mtandao wa chuo tu. Mchapishaji huitambua anwani ya mtandao huo. Ukiwa Songea au Bukoba hakutambui, mpaka chuo kikuwekee mfumo wa kukuthibitisha kwa jina na nywila. Vyuo vilivyokuwa na mfumo huo viliendelea. Visivyokuwa nao vilikuwa na maktaba iliyofungwa kwa kufuli mbili.

Na mkulima je? Yeye hana nywila ya chuo chochote. Kwake majarida 100 ya Kiingereza hayana tofauti na rafu tupu. Kwa hiyo jambo lililonifurahisha zaidi Morogoro ni hatua ya Maktaba ya Sokoine ya kujenga hazina ya mtandaoni iitwayo Mkulima, inayokusanya vijitabu na vipeperushi vya kilimo na ufugaji kwa Kiswahili, na kuviacha wazi kwa yeyote mwenye simu janja. Ufugaji wa kuku wa asili na kilimo cha mboga ni mambo ambayo mtu anaweza kuyasoma jioni na kuyafanya kesho. Afisa ugani anaweza kupakua kijitabu mjini na kukirusha kwenye kundi la WhatsApp la kijiji.

Hazina hiyo haiwezi kujazwa na wakutubi peke yao. Tasnifu nyingi za vyuo vyetu zimeandikwa kwa majibu ya wakulima waliokaa na mtafiti saa nzima chini ya mwembe, wakaacha jembe ili wajibu maswali yake. Vyuo viweke sharti jepesi: hakuna tasnifu ya namna hiyo itakayopokewa maktaba bila kurasa mbili za Kiswahili zinazoeleza kilichopatikana, na kurasa hizo zirudi kijiji kile kile.