Wanubi wa Kibera: Karne moja ya kudai ardhi

Mnamo Juni 2, 2017, Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi jamii ya Wanubi hatimiliki ya ekari 288 za ardhi ya Kibera, jijini Nairobi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jamii hiyo kupata hati ya ardhi ambayo wazee wake walianza kuikalia kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia.

Wanubi hao ni wazao wa askari wenye asili ya Sudan waliotumikia ukoloni wa Uingereza katika kikosi cha King's African Rifles (KAR). Walipomaliza utumishi hawakurejeshwa makwao, bali waliruhusiwa kujenga na kulima kusini magharibi mwa mji. Mahali hapo walipaita Kibra, yaani msitu kwa lugha ya Kinubi. Mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 lilitengwa rasmi.

Hata hivyo, askari hao walipewa vibali vya kukaa tu, wala si hati za kumiliki. Tume ya Ardhi ya Carter, iliyoundwa mwaka 1932, iliwahesabu kuwa wapangaji katika ardhi ya Mfalme. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, ardhi ya Mfalme ikawa mali ya Serikali. Nyumba za kisasa zilijengwa katika sehemu za ardhi hiyo, na wageni kutoka pande zote za nchi wakafurika vijijini kama Makina na Lindi.

Suala la ardhi lilifungamana na la uraia. Kwa kukosa eneo linalotambulika kuwa la mababu zao, Wanubi walichukuliwa kuwa wageni; na kwa kuchukuliwa kuwa wageni, dai lao la ardhi halikusikizwa. Kijana Mnubi aliyetimiza miaka 18 alilazimika kuhojiwa na jopo maalumu kabla ya kupewa kitambulisho. Ni katika sensa ya mwaka 2009 tu ambapo jamii hiyo ilihesabiwa kwa jina lake.

Wanubi walilipeleka suala hilo mbele ya vyombo vya bara. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki ya watoto wao ya kupata uraia. Mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliitaka Serikali iwahakikishie umiliki wa makao yao na kuondoa ubaguzi katika utoaji wa vitambulisho.

Ekari 288 hazifiki asilimia 7 ya zile 4,197. Aidha, hati hiyo ni ya jamii nzima, chini ya wadhamini, wala si ya mtu binafsi. Kwa watu waliohesabiwa kuwa wapangaji tangu enzi za ukoloni, hata hivyo, hati hiyo ina uzito unaopita ukubwa wa shamba: inakiri kwamba Kibera ni kwao.