Pikipiki ya Zamani ya Porini Isome Shingoni
Ukikuta Kisarawe au Kibaha pikipiki kuukuu yenye madigadi ya mbele iliyoinuka juu ya tairi, usikimbilie kuiita chuma chakavu. Nafasi ile iliachwa makusudi, tope lisikwamishe gurudumu.

Mwaka 1968 Yamaha walitoa DT-1 ya cc 250, injini ya mipigo miwili. Hiyo huchoma oili pamoja na petroli, ndiyo maana inatoa moshi wa bluu na mlio mkali. Mwaka 1972 Honda wakaja na XL250 ya mipigo minne, mlio mzito.

Rangi na tangi hubadilishwa, usiviamini sana. Amini namba iliyogongwa kwenye shingo ya fremu. Fundi akishika msasa, mwambie asipaguse hapo: ikifutika, historia yake imekwenda. Baada ya hapo washa, usikilize. Raha yake iko masikioni pia.