Dola 80 Zisizokuwepo

Nilianza na swali ambalo Wamarekani waliwahi kuulizwa na watafiti: familia ya Wazungu ikiwa na mali ya dola 100, familia ya Weusi ina dola ngapi? Kwa mwaka 2016, wastani wa majibu ulikuwa karibu 90. Nikafungua takwimu za serikali za mwaka huo. Ukizipanga familia kwa mstari, kuanzia maskini hadi tajiri, ile ya Wazungu iliyosimama katikati ilikuwa na dola 171,000. Ya Weusi ilikuwa na 17,600. Jibu lilikuwa 10. Hizo 80 za ziada watu walizitoa wapi?

Nadhani walizitoa kwenye mishahara. Tunamwona Mweusi daktari, Mweusi mwanasheria, na Ikulu ya Marekani iliwahi kukaliwa na Mweusi. Tunasema mambo yamesawazika. Lakini mshahara huingia na kutoka. Mali ni kile kinachobaki ukishatoa madeni, na mali hurithiwa. Basi waliorithisha walianza na nini?

Nilirudi hadi 1860, utumwa ungalipo. Kwa wastani, Mzungu alikuwa na mali takriban mara 60 ya Mweusi. Januari 1865 amri ya kijeshi ilitenga ardhi ya pwani, kuanzia South Carolina hadi Florida, ili waliotoka utumwani wapewe mashamba yasiyozidi ekari 40 kwa familia. Mwaka haukuisha kabla ardhi hiyo haijaanza kurudishwa kwa mabwana wa zamani. Nilitegemea pengo libaki palepale. Sivyo: kufikia 1920 lilikuwa limeshuka hadi takriban mara 10. Watu waliotoka mikono mitupu walikuwa wakipanda. Nani aliiondoa ngazi ukutani?

Simulizi inayovuma inataja ramani za mikopo ya nyumba za miaka ya 1930. Miji zaidi ya 200 ilipakwa rangi nne, kijani kwa mitaa "salama" hadi nyekundu kwa ile "hatari". Nilizitazama za Chicago, Detroit na Baltimore, nikaamini nimefika. Kisha nikagonga mwamba: wengi wa waliokaa ndani ya wekundu huo walikuwa Wazungu. Weusi karibu wote waliwekwa humo, na huo ni ubaguzi ulio wazi, ila ramani peke yake haiwezi kubeba kesi nzima. Mikopo yenyewe ilimfikia nani?

Hapo nilipata namba ambayo bado inaniuma. Sheria ya 1944 iliwapa askari waliorudi kutoka vitani mikopo yenye dhamana ya serikali. Katika jimbo la Mississippi, mwaka 1947, ilitolewa mikopo zaidi ya 3,200. Weusi walipata miwili. Walipigana vita vilevile. Ubaguzi katika nyumba ulipigwa marufuku 1968. Je, pengo lilizibika baada ya hapo?

Halikuzibika. Kwa wastani, miaka ya 1950 lilikuwa kama mara 7. Leo ni kama mara 6. Tangu miaka ya 1980 bei za hisa zimepaa, na wenye hisa nyingi ni Wazungu. Mali ya Weusi, wanapokuwa nayo, zaidi ni nyumba. Takwimu za 2022 za familia za katikati zinasema dola 285,000 kwa Wazungu na 44,900 kwa Weusi. Ukiulizwa lile swali la dola 100, usijibu 90. Jibu 16.