Mlangobahari wa Pemba na mkondo wa pwani

Mlangobahari wa Pemba ni sehemu ya Bahari Hindi inayotenganisha kisiwa cha Pemba na bara, kwa upana wa takriban kilomita 50. Mlangobahari wa Unguja ni wa maji mafupi, sehemu kubwa kina chake mita 30 hadi 40 tu. Huu wa Pemba hushuka hadi mita 800 hivi, na kwa sababu hiyo Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki hupata njia pana ya kupita.

Mkondo huo hutokana na Mkondo wa Ikweta wa Kusini, unaogawanyika karibu na Rasi Delgado, Msumbiji. Tawi lake hufuata pwani kuelekea kaskazini mwaka mzima, hata kaskazi inapovuma kinyume chake. Kusi ikishika, upepo na maji huenda pamoja, na kasi huweza kukaribia mita 2 kwa sekunde. Ni mwendo ambao chombo cha tanga hakiwezi kuupuuza. Kaskazi huupunguza sana.

Maji yaletwayo ni ya uvuguvugu, yenye virutubisho vichache, hivyo ni maangavu mno na matumbawe hupata mwanga wa kutosha. Jodari, nguru na nduaro hupita humo. Chini zaidi, kwenye baridi na giza, anaishi silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka hadi 1938. Hifadhi ya bahari yenye jina lake ilianzishwa Tanga mwaka 2009.